Jiwe, Giza na Vitone: Pango la Chauvet katika Picha za Kompyuta

Pango la Chauvet, lililogunduliwa mwezi wa Desemba 1994 katika bonde la Ardèche, Ufaransa, halifunguliwi kwa umma. Pumzi za wageni zilikwisha kuharibu pango la Lascaux, likafungwa mwaka 1963. Kwa hiyo michoro ya Chauvet, ambayo ile ya kale ina umri wa zaidi ya miaka 30,000, walio wengi huiona kwa njia ya nakala tu. Yafaa kuuliza ikiwa nakala ya namna hiyo ni sanaa au ni hifadhi tupu.

Werner Herzog alilijibu swali hilo kwa filamu yake ya mwaka 2010, Cave of Forgotten Dreams, iliyopigwa kwa kamera zinazoonyesha kina. Uamuzi huo si pambo. Wachoraji wa kale hawakuchora juu ya jiwe tu, walichora pamoja nalo: uvimbe wa mwamba ukawa bega la mnyama. Picha bapa ya kitabuni hulifuta jambo hilo. Yuko nyati mwenye miguu minane. Taa ikipitishwa mbele yake kwa mfano wa mwenge, miguu ile huanza kukimbia.

Lakini picha yenye nguvu kuliko zote haikutokana na kamera. Ni ramani ya pango iliyotengenezwa kwa leza na kompyuta: mamilioni ya vitone vikielea gizani. Kwa leza, simba aliyechorwa, mkwaruzo wa kucha za dubu na jiwe tupu vina uzito mmoja. Humo ndimo uzuri wake, na humo ndimo upungufu wake, kwani hupima kila kitu pasipo kutambua chochote. Herzog alilifahamu hilo, ndipo akamhoji mwanaakiolojia kijana mmoja, naye akasimulia jinsi alivyokuwa akiota simba usiku baada ya kushinda pangoni. Vitone vikapata mwotaji. (Hitimisho la filamu, lenye mamba weupe, lingeweza kukatwa bila hasara.)

Nakala ya pango, iliyojengwa karibu na hapo kwa kufuata vipimo vya leza na kufunguliwa mwaka 2015, ina ustadi mkubwa wa mkono. Hata hivyo mgeni huongozwa kutoka kituo hadi kituo, na giza, lililokuwa nusu ya kazi ya mchoraji wa kale, limepunguzwa mno.

Kwa msomaji wa Kongo jambo hili si la mbali. Mfupa wa Ishango, uliochimbuliwa na Jean de Heinzelin mwaka 1950 pale mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward, una umri wa miaka ipatayo 20,000 na umehifadhiwa Brussels. Pango la Chauvet limefungwa na udhaifu wake. Mfupa huu umefungwa na umbali. Vitabuni huchorwa bapa, safu tatu za chale zikiwa zimetandazwa kando kwa kando pamoja na hesabu zake, 60, 60 na 48, hata msomaji hudhani kwamba ulikuwa ukurasa. Ulikuwa kitu cha kushikwa, chenye kipande cha kwatzi kwenye ncha, na chale zake huonekana kwa zamu kadiri kiganja kinavyougeuza. Picha ya kompyuta yenye kina ingeweza kuurudisha mgeuzo huo. Jedwali, ambalo ndilo aliloachiwa mwanafunzi wa Goma au Lubumbashi, haliwezi.