Kumbukumbu Zinapokomea Mwaka 1972: Kampala ya Leicester na Kampala ya Owino

Ikisiri

Makala hii inahakiki mapokeo mawili ya kuikumbuka Kampala. La kwanza ni lile la Waasia waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, ambalo leo limehifadhiwa kama sehemu ya historia ya miji na vijiji vya Uingereza. La pili ni lile la Soko la Owino, lililoanzishwa mwaka 1971. Hoja kuu ni kwamba pokeo la kwanza linakomea pale la pili linapoanzia, na kwamba pengo lililopo kati yake linajitokeza hata katika mijadala ya sera kuhusu masoko na mitumba. Makala inapendekeza Kiswahili kitumike kuyasoma mapokeo hayo kwa pamoja, kwa sharti kwamba historia ya Kiswahili chenyewe nchini Uganda isifichwe.

1.0 Utangulizi

Historia ya mahali ni fani iliyokomaa nchini Uingereza. Mwaka 1948, chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Leicester kilianzisha idara ya historia ya mahali chini ya W. G. Hoskins. Katika kitabu chake The Making of the English Landscape (1955), Hoskins alifundisha kuwa ua wa shamba, njia ya miguu na mpaka wa parokia ni nyaraka zinazosomeka sawasawa na hati iliyotiwa muhuri. Kwa mkabala huo, mtu wa kawaida anayekumbuka kisima kilikuwa wapi, au nani aliuza mkate katika mtaa gani, ni shahidi wa historia.

Leicester hiyohiyo ina nafasi ya pekee katika historia ya Kampala. Tarehe 4 Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Mwezi Septemba, baraza la jiji la Leicester lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwashauri wasiende huko, kwa maelezo kuwa nyumba, shule na huduma zilikuwa zimeelemewa. Hata hivyo, kati ya Waasia takribani 28,000 waliopokelewa Uingereza, wengi walikwenda Leicester. Mji uliowakataa kwa tangazo la gazeti ukawa ndio mlinzi mkuu wa kumbukumbu zao. Kinaya hiki ndicho kianzio cha uhakiki huu.

2.0 Kampala iliyohamia Uingereza

Maandishi ya awali ya tukio hili yalikuwa makali. From Citizen to Refugee (1973) cha Mahmood Mamdani kiliandikwa jeraha likiwa bado bichi. Kinamfuata msomaji kutoka Kampala hadi kambi ya wakimbizi jijini London, na hakioneshi haya kuhoji mpangilio wa kitabaka na wa rangi uliowafanya Waasia wawe shabaha rahisi. Miongo mitatu na zaidi baadaye, Yasmin Alibhai-Brown, mzaliwa wa Kampala, alichagua njia ya jikoni. The Settler's Cookbook kinafuma mapishi na kumbukumbu, na kinasimulia jinsi baba yake alivyoacha kusema naye baada ya yeye kuigiza Juliet shuleni pamoja na Romeo aliyekuwa kijana Mwafrika. Nguvu ya kitabu hicho imo humo: chakula kinavuka mipaka ya rangi kila siku, ilhali meza ya kulia haivuki.

Sambamba na vitabu, kumbukumbu hizo zimeingia katika historia ya maeneo madogo. Wakimbizi walipofika, Bodi ya Makazi Mapya ya Uganda iliwapeleka katika kambi zilizotawanyika nchini, nyingi zikiwa zimeachwa na majeshi: Stradishall katika Suffolk, Greenham Common katika Berkshire, Heathfield karibu na Honiton, na Tonfanau katika pwani ya Wales. Tonfanau ni mfano mzuri. Ni mahali padogo kando ya bahari, karibu na mji wa Tywyn, palipopokea familia zilizotoka Kampala, Jinja na Masaka zikiwa na nguo nyepesi huku majira ya baridi yakikaribia. Leo historia ya mahali hapo haisimuliwi ikakamilika bila familia hizo. Anayeikumbuka baridi ya Tonfanau na anayemkumbuka mgeni aliyepewa koti la msaada wamekuwa mashahidi wa kisa kimoja.

Hilo ni fanikio la kweli la fani ya historia ya mahali. Lakini mwaka 2022, miaka 50 ilipotimia na maonyesho yakafanyika Leicester, mkondo uliotawala ulikuwa ule wa watu waliojenga upya maisha yao. Mkondo huo una haki yake, kwani waliofukuzwa walinyang'anywa mali na uraia, na waliinuka. Hata hivyo, kihakiki una udhaifu mmoja: unaigandisha Kampala. Mji unabaki na Kampala Road, duka la baba, shule na matembezi ya jioni, kisha pazia linashuka mwezi Novemba 1972. Yaliyotokea dukani baada ya mwenye duka kuondoka hayamo. Shukrani kwa nchi iliyopokea na majonzi kwa nchi iliyoachwa yameziba nafasi ya swali la tatu: waliobaki waliishije?

3.0 Kampala iliyobaki

Jibu la swali hilo linasomeka Owino. Soko lilianzishwa mwaka 1971, mwaka mmoja tu kabla ya tangazo la Amin, katika bonde la Nakivubo, kando ya uwanja wa michezo na mfereji unaopeleka maji ya mji kuelekea ziwa Victoria. Maduka yalipogawiwa watu wapya na kisha kukauka bidhaa, sehemu kubwa ya biashara ya mji ilishuka kutoka rafuni hadi mezani, na kutoka mezani hadi kwenye turubai lililotandikwa chini. Kwa hiyo, Owino ni sura inayofuata ya kitabu kilekile ambacho wahamishwa walikifunga.

Mbinu ya Hoskins inafaa hapa, ingawa inahitaji kurekebishwa. Kijiji cha Uingereza kina rejesta ya parokia, makaburi yenye majina na hati za ardhi. Owino imeungua mara kadhaa, zikiwemo 2009, 2011 na 2013, na moto hauchagui kati ya marobota ya nguo na daftari la madeni. Meza na karatasi zikiteketea kwa pamoja, kinachobaki kuthibitisha nani aliketi wapi ni kauli ya jirani. Kule Suffolk, kumbukumbu ya mzee hupamba hati iliyopo, lakini Nakivubo kumbukumbu hiyo ndiyo hati. Mchuuzi anayeweza kuwataja waliompakana kulia na kushoto kwa miaka 20 hasimulii hadithi ya kupitisha wakati. Anaeleza haki yake.

Jina la soko nalo ni hati. Rasmi linaitwa Mtakatifu Balikuddembe, kwa heshima ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, shahidi wa dini aliyeuawa eneo la Nakivubo tarehe 15 Novemba 1885. Hata hivyo, abiria akishuka teksi huuliza Owino. Simulizi za sokoni hulihusisha jina hilo na mtu mmoja wa kawaida aliyefanya biashara yake hapo kabla soko halijakua. Ni jina la Kijaluo katikati ya mji mkuu wa Buganda. Majina haya mawili yanakumbuka mambo mawili tofauti: moja linakumbuka damu iliyomwagika kwa ajili ya imani, jingine linakumbuka riziki na mgeni aliyekubaliwa. Mhakiki hana sababu ya kuchagua moja. Lenye maana ni kwamba jina la pili limedumu bila kibao wala sheria, kwa vinywa vya watu peke yake.

Kumbukumbu ya karibuni zaidi ni ya Machi 2020. Serikali ilipofunga biashara zisizo za chakula ili kuzuia UVIKO-19, wauza vyakula walitakiwa kulala sokoni. Kwa majuma hayo, meza ya kuuzia nyanya ilikuwa pia kitanda. Katika historia ya mahali kwa maana ya Kiingereza, mahali ni pale mtu anapolala. Kwa kipimo hicho, mwaka 2020 Owino ilikuwa mtaa wenye wakazi, na historia yake inadai kuandikwa kama ya mtaa wowote.

4.0 Nguo kama simulizi

Mapokeo haya mawili yanakutana kwenye robota la mivumba, kama mitumba inavyoitwa Kampala. Uingereza ni miongoni mwa nchi zinazouza nje kwa wingi nguo zilizokwisha kuvaliwa. Humo mna fulana za mbio za hisani, sweta zenye nembo za shule na jezi za timu za mitaa. Majina ya miji ambayo wanahistoria wa huko huyachunguza kwa uangalifu hufika Nakivubo yakiwa yamechapwa kifuani. Fundi cherehani hupunguza mikono, mpiga pasi ya mkaa hunyoosha kola, na kumbukumbu ya mtu wa mbali huanza maisha mengine. Chapa ya Buzigahill ya mbunifu Bobby Kolade imeligeuza jambo hilo kuwa kauli ya wazi. Tangu mwaka 2022, katika mradi uitwao Return to Sender, nguo za mitumba zinashonwa upya Kampala na kuuzwa tena katika nchi zilikotoka.

Waswahili walikwisha kuutunga mkasa wa nguo hizi zamani. Tanzania mitumba iliwahi kuitwa kafa Ulaya. Jina hilo ni wasifu wa mtu asiyejulikana, uliofupishwa katika maneno mawili. Agosti 2023, Rais Museveni alipotangaza mjini Mbale kupiga marufuku nguo hizo kwa hoja kuwa ni za Wazungu waliokufa, alikuwa ndani ya pokeo lilelile. Tofauti ni kwamba sokoni jina hilo lilikuwa mzaha wa mnunuzi anayejua anachonunua, ilhali katika tamko la sera mzaha uligeuka kuwa sababu.

Hoja ya kulinda viwanda vya nguo ina uzito wake. Wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana mwaka 2016 kuiondoa mitumba hatua kwa hatua, na shinikizo la Marekani likazirudisha nyuma nchi nyingi, Rwanda ikibaki na msimamo na kupoteza sehemu ya nafuu za kibiashara. Kasoro iko katika usimulizi. Mjadala unamkumbuka Mzungu aliyekufa na kumsahau mwanamke aliye hai anayesomesha watoto kwa fulana ya marehemu huyo. Ni pengo lilelile la mwaka 1972: anayeondoka ana hadithi, anayebaki ana takwimu.

5.0 Nafasi ya Kiswahili

Uganda ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi ya pili kupitia marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima. Kwa kawaida hoja ya kukitetea huwa ni biashara ya kanda. Uhakiki huu unaongeza hoja ya kumbukumbu. Muongo wa 1970 nchini Uganda umejitajia wenyewe kwa Kiswahili: waliogawiwa maduka ya Waasia waliitwa mafutamingi, na uchumi uliofuata uliitwa magendo. Bila maneno hayo mawili, kisa cha kuanzia duka la Kampala Road hadi turubai la Owino hakisimuliki. Luganda nayo inatunza ushahidi huo katika maneno ya kila siku ya kuuza na kununua: duuka, bbeeyi, ssente, essaati.

Hata hivyo, Kiswahili si shahidi asiye na doa. Katika nyumba nyingi za Waasia kilikuwa lugha ya kumwagiza mpishi. Katika vizuizi vya barabarani kilikuwa lugha ya askari. Mzee wa Leicester na mchuuzi wa Owino wanaweza kuelewana kwa Kiswahili, lakini kila mmoja alikisikia akiwa upande tofauti wa amri. Mradi wowote wa kukusanya kumbukumbu zao ukilificha jambo hilo, utazaa mapatano ya maneno matupu. Ukilikabili, utapata kile ambacho tawasifu zilizochapishwa London hazingeweza kukitoa zenyewe: sauti ya aliyeagizwa, ikisimulia jiko lilelile.

6.0 Hitimisho

Kumbukumbu za wahamishwa zimepata makumbusho kwa sababu miji ya Uingereza ilikuwa na mazoea ya kuthamini ushahidi wa mtu wa kawaida. Mazoea hayo yanaweza kujengwa Kampala kwa gharama ndogo, na faida yake si ya kitaaluma pekee. Kabla ya kukarabati soko, kuhamisha sehemu yake au kubadili sheria ya bidhaa zake, mamlaka husika zingepaswa kuandika simulizi za nafasi: nani aliketi wapi, tangu lini, baada ya nani, na majirani wakithibitisha. Rejesta ya namna hiyo, ikitunzwa nje ya soko, ingekuwa kinga dhidi ya moto na dhidi ya orodha za kughushi. Kwa watafiti, ingekuwa pia sura iliyokosekana kati ya duka lililofungwa mwaka 1972 na mji uliopo sasa. Waliokuwa vijana Owino ilipoanza sasa ni wazee, na wengi wao hawana karatasi yoyote ya kuwasemea.