Kiingilio na Uenyeji: Uchambuzi wa Mabishano ya Mashabiki wa Kandanda

Wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuchambua shairi, hadithi, tamthilia na methali, na kwa hakika kazi hiyo haijaisha. Lakini iko fani moja ya usemi isikikayo kila siku barazani, vijiweni, ndani ya mabasi na penye meza za wauza magazeti, nayo haijapewa haki yake: mabishano ya mashabiki wa mpira wa miguu. Wengi huyahesabu kuwa makelele ya watu wasio na kazi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mabishano hayo ni sanaa yenye kanuni, yenye uzuri wake na ila zake, na kwamba yastahili kupimwa kwa mizani ile ile tupimiayo utungo mwingine wowote. Tutaangalia mambo matatu yabishaniwayo zaidi, yaani uwanja, kiingilio na cheo cha mchezaji, na mifano yetu tutaichota hasa kwa watani wa jadi wa Dar es Salaam, Yanga na Simba. Dai letu ni kwamba mambo hayo matatu yana shina moja: kila abishapo, shabiki huuliza ni nani mwenyeji na nani mgeni.

Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na Simba mwaka 1936. Hii ya pili ilijulikana kwa jina la Sunderland kabla ya kujiita Simba mwaka 1971. Lakini miji ya pwani ilikuwa imekwisha kuzoea kugawanyika mafungu mawili kabla ya klabu hizo kupata nguvu. Katika ngoma ya beni, Marini walishindana na Arinoti kwa mavazi, kwa gwaride na kwa nyimbo. Katika kurasa za Mambo Leo, gazeti lililoanza mwaka 1923, washairi waliulizana na kujibizana. Na neno “watani” lenyewe limetoka katika utani wa makabila, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, ambao humruhusu mtu kumtupia mwenziwe maneno makali bila ya kuvunja ujamaa, na humpa kazi maalumu katika msiba wa mtani wake. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya fani hii: neno kali hujibiwa kwa neno, wala si kwa ngumi. Anayepiga amekwisha kushindwa.

Ndani ya sheria hiyo mna ubora na udhaifu. Shabiki wa Simba humwita wa Yanga “chura”, kwa kuwa makao ya Yanga yako Jangwani, bondeni pa maji. Hili ni neno lenye picha na sababu. Asiyeujua mji hawezi kulifurahia, na aujuaye hucheka hata kama ndiye aliyelengwa. “Utopolo” na “makolo”, yaliyozuka katika miaka ya karibuni, hayana picha. Nguvu yao imo katika sauti tu, nayo sauti huchakaa upesi. Hatusemi kwamba maneno mapya ni mabaya kwa kuwa ni mapya. Twasema kwamba kejeli njema ni ile iliyoegemea jambo.

Natuanze na uwanja. Kwa asili neno hili ni mahali peupe, aghalabu mbele ya nyumba au katikati ya kijiji, ambapo watu hukutana kwa mchezo, kwa ngoma na kwa shauri. Maana hiyo haijafa vinywani mwa mashabiki. Uwanja wa Uhuru, ambapo Tanganyika ilipokea uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, wao huuita Shamba la Bibi. Na katika usemi wa kawaida shamba la bibi ni mali ambayo kila mjukuu huchuma pasipo kuulizwa. Uwanja mkubwa ulio jirani yake, wenye viti 60,000, ulifunguliwa mwaka 2007, na mwaka 2020 ukapewa jina la Rais Benjamin Mkapa aliyefariki mwaka huo. Watangazaji wakauita Lupaso, kwa jina la kijiji alichotoka marehemu. Mashabiki hawana haja ya kulitaja jina lote la serikali. Wao husema “kwa Mkapa”.

Mwanasarufi atambue kilichotendeka hapo. “Kwa” likifuatwa na jina la mtu huonyesha nyumbani kwake: kwa mjomba, kwa Juma. Kwa neno moja dogo jengo la saruji limegeuzwa nyumba ya mtu, na walioingia humo wamegeuzwa wenyeji na wageni. Ndipo mashabiki wa Simba wakatunga wito wao, “Kwa Mkapa hatoki mtu”. Maneno ni machache, lakini yamepangwa kwa ustadi. Kitenzi kimetangulia na mtenda amewekwa mwisho, kama tusemavyo “hapiti mtu”, na mpangilio huo humfungia mlango kila atakayekuja, bila ya kumchagua. Ucheshi wake umo katika kuigeuza desturi: mgeni hukaribishwa, akala, akaagwa, huyu amekaribishwa asiagwe.

Uzuri wa usemi huo ulijaribiwa mwaka 2025. Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, nayo Shirikisho la Soka la Afrika likauhamisha mchezo wa marudiano kutoka kwa Mkapa hadi Uwanja wa Amaan, Unguja. Tarehe 25 Mei timu zilitoka sare ya bao 1 kwa 1, na RS Berkane ya Morocco, iliyokuwa imeshinda 2 kwa 0 kwao, ikachukua kombe. Mbele ya wabishani palikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hesabu: viti vya Amaan ni kama robo ya vile vya kwa Mkapa. Ya pili ilikuwa nzito zaidi: je, Unguja si nyumbani? Hoja hii ingaliwapeleka wabishani mbali, hata kwenye maana ya Muungano na ya neno “kwetu”. Lakini hoja ya hesabu ni nyepesi kushika, na mwenye kushika hesabu hudhani amemaliza maneno.

Ila hiyo hiyo hurudi katika mabishano ya viwanja vipya. Tangu Septemba 2023, Kenya, Uganda na Tanzania zilipopewa kwa pamoja uenyeji wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, pameshindanishwa viti 30,000 vya uwanja ulioanza kujengwa Arusha na viti 60,000 vya ule ulioanza kujengwa Nairobi kwa jina la Talanta. Hesabu hizo zina haja yake kwa mhandisi. Shabiki, aliyeligeuza jengo kuwa nyumba kwa neno “kwa”, tungalimtarajia aulize zaidi: nyumba hii ni ya nani, na nani atakaa humo mashindano yakiisha? Nairobi ilitoa somo mwaka 2019, City Stadium ilipopewa jina la Joe Kadenge, mchezaji ambaye jina lake liliingia katika lugha kwa kinywa cha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela: “Kadenge na mpira”. Hapo uwanja ulipewa mwenyeji aliyeuchezea, naye hakuhitaji kuwa mtawala.

Jambo la pili ni kiingilio, na hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Tazama umbo la neno. Kutokana na “ingia” twapata “ingilia”, na kutokana na “ingilia” twapata “kiingilio”, yaani kitu cha kuingilia. Neno hili lina kazi mbili. Kiingilio ni fedha itolewayo mlangoni kutazama mchezo. Tena kiingilio ni ada itolewayo na mtu anapojiunga na chama cha ushirika au cha akiba na mikopo. Ya kwanza humtoa mtu nje saa mbili baadaye; ya pili humweka ndani hata atakapojitoa mwenyewe. Na “kuingilia” kuna maana ya tatu, ya kujitia katika mambo ya mtu. Maana zote hizi zimo kichwani mwa shabiki anaponung’unikia kiingilio. Anunuaye tiketi hutaka bei nafuu. Alipaye kiingilio hutaka kuwamo, na akiwamo hujiona ana haki ya kuingilia: amseme kocha, amkatae kiongozi, aulize fedha zimekwenda wapi.

Ndiyo sababu kiingilio kikipanda watu hukasirika kuliko wakasirikavyo sukari ikipanda. Sukari ikipanda mtu amepunjwa. Kiingilio kikipanda amefukuzwa kwao. Hata majina ya sehemu za kukaa yanashuhudia. Sehemu ya watu wengi ina jina la Kiswahili, “mzunguko”, na aliyeko huko ameuzunguka mchezo pamoja na wenziwe kama watu wauzungukavyo uwanja wa ngoma. Wakubwa wamepewa herufi za kigeni: VIP A, VIP B, VIP C. Katika mzunguko kuna watu; katika herufi kuna vyeo.

Hata hivyo haki yatutaka tuseme lililo upande wa pili. Shabiki hutaka kiingilio kiwe kidogo, na papo hapo hutaka klabu yake isajili wachezaji wa thamani kubwa kutoka Zambia, Kongo na Afrika Magharibi. Mambo hayo mawili hayapatani ila pawe na tajiri wa kujaza pengo. Zamani tajiri huyo aliitwa “mfadhili”, neno litokanalo na fadhila. Naye mwenye kutenda fadhila halipwi ila kwa shukrani. Wanachama wa Simba walipoukubali mfumo wa hisa mwaka 2017, na wa Yanga walipoukubali mwaka 2021, wenye klabu wakabakishiwa hisa 51 katika 100 na nyingine 49 zikaachwa wazi kwa “mwekezaji”. Mwekezaji huweka ili achukue. Lakini sikiliza mabishano: mtu yule yule huitwa mfadhili timu ikishinda na mwekezaji ikishindwa. Mbishani akilegeza neno hili amelegeza hoja yake yote, kwa sababu mfadhili hudaiwa adabu na mwekezaji hudaiwa hesabu. Asiyechagua neno hatapata hata kimojawapo.

Jambo la tatu ni cheo cha mchezaji. Hapa fani hii huonyesha utajiri wake mkubwa, nao umo katika majina ya sifa. Kama tenzi zimwitavyo Ali kwa jina la Haidari, mashabiki walimwita Sunday Manara “Kompyuta” katika miaka ya 1970, zama ambazo wachache walikuwa wamekiona chombo hicho, ili kuusifu ubongo uliomo mguuni. Mohamed Hussein wa Yanga waliita “Mmachinga”, jina la mchuuzi anayetembeza mali yake barabarani mchana kutwa. Majina haya hayasemi mchezaji ni wa ngapi. Yasema yeye ni nani na hucheza vipi. Hukumu yake ni ya kina kuliko hukumu ya namba.

Swali la “nani zaidi” likiingia, hukumu hiyo husahauliwa. Chukua mfano wa Abdallah Kibadeni na Mbwana Samatta. Wa kwanza aliifungia Simba mabao matatu ilipoishinda Yanga 6 kwa 0 tarehe 19 Julai 1977. Wa pili alitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika pamoja na TP Mazembe ya Lubumbashi mwaka 2015, akatajwa kuwa mchezaji bora wa mwaka huo miongoni mwa wale wanaocheza ndani ya Afrika, na tarehe 1 Machi 2020 akaifungia Aston Villa katika fainali ya Kombe la Ligi pale Wembley. Mabishano juu ya wawili hawa hayana mwisho, kwa sababu yana mizani miwili isiyotajwa. Kibadeni husifiwa kwa alilomtenda mtani. Samatta husifiwa kwa alikofika. Mmoja hupimwa nyumbani, mwingine ugenini. Wabishani wangaliitaja mizani hiyo kwanza, wangaliona kwamba hawabishani juu ya wachezaji, bali juu ya nini kilicho bora kwa mtu: kuheshimiwa na walio kwao au kujulikana na walio mbali. Hilo ni swali kubwa, na fasihi yetu imeliuliza tangu zamani.

Mfano wa mwisho ni wa Clatous Chama, Mzambia aliyejiunga na Simba mwaka 2018 na kuitwa “Mwamba wa Lusaka”. Mwaka 2024 alihamia Yanga. Jina la sifa likawa mtego, kwa maana mwamba ni kitu kisichohama. Waliolitunga hawakuweza tena kulitamka bila ya kujisuta, na waliolirithi walilipokea likiwa na harufu ya jirani. Kipimo cha ustadi wake kilibadilika kabla yeye hajaugusa mpira wa klabu mpya. Hapo twapata ushahidi ulio wazi kwamba cheo cha mchezaji, katika fani hii, ni cheo cha uenyeji kwanza na cha mguu baadaye.

Basi hukumu yetu ni hii. Mabishano ya mashabiki yana lugha yenye hekima kuliko hoja zinazojengwa juu yake. “Kwa Mkapa”, “kiingilio” na “Mwamba wa Lusaka” ni maneno yaliyokwisha kufikiri. Ila mara nyingi mbishani huyaacha nyuma akakimbilia idadi ya viti, bei na mabao. Angaliyasikiliza maneno yake mwenyewe, angalijua kwamba madai yake si ya mteja anayepunguziwa bei, bali ni ya mwenyeji anayetaka kuonyeshwa hesabu za nyumba yake.

Kwa wanaleksikografia, yafaa kidahizo “kiingilio” kiandikwe pamoja na maana zake zote mbili, na mifano itolewe kutoka vijiweni. Kwa watafiti wa fasihi simulizi, mabishano haya yafaa yarekodiwe siku ya mchezo wa watani, kabla ya mpira kuanza na baada ya kwisha, katika mzunguko na si katika herufi. Huko ndiko lugha inakotumika na wale wanaoamini kwamba uwanja ni wao.