Kipimo cha Kiingereza na Hukumu Yake

Mwalimu apimaye Kiingereza cha mwanafunzi hupima kwa kawaida mambo matatu: sarufi, yaani namna maneno yaungwavyo, msamiati, yaani wingi wa maneno yajulikanayo, na, kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, uandishi wa utafiti, yaani uwezo wa kuandika hoja ndefu kwa ushahidi na utaratibu. Ni haki mambo hayo yapimwe. Lugha ifundishwayo sharti ipimwe, kama mchele uuzwao sharti upimwe kwa pishi. Lakini kupima ni jambo moja, na kuamua la kufanya baada ya kupima ni jambo jingine. Katika historia ya elimu ya Tanzania ni vigumu kuona mahali ambapo mambo haya mawili yaliachana mbali kama katika taarifa iliyotolewa mwaka 1984 na Clive Criper na Bill Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, juu ya ufundishaji wa Kiingereza na matumizi yake katika kufundishia masomo mengine.

Taarifa hiyo haieleweki pasipo kukumbuka wakati wake. Tangu mwaka 1967 shule za msingi za serikali zilifundisha masomo yote kwa Kiswahili, na shule za sekondari ziliendelea kwa Kiingereza. Mtoto alivuka kutoka lugha moja kwenda nyingine kwa likizo ya majuma machache. Mwaka 1978 Penina Mlama na May Matteru walitoa kitabu chao juu ya haja ya kutumia Kiswahili kufundishia katika elimu ya juu, wakaonyesha kwamba hali ya madarasani ilikuwa imekwisha kukimbia sheria. Tume ya Rais juu ya elimu, iliyoundwa mwaka 1980 chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta, ilishauri mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari kuanzia kidato cha kwanza cha mwaka 1985. Mwaka 1983 Makweta huyohuyo, akiwa sasa Waziri wa Elimu, alitangaza kwamba badiliko hilo halitakuwapo. Ndipo wakaja wapimaji.

Kipimo walichotumia chastahili kuelezwa, kwa kuwa watu wengi husimulia matokeo yake pasipo kujua jinsi kifanyavyo kazi. Huchukuliwa habari fupi, yakaachwa maneno ya mwanzo ili msomaji apate kushika mkondo, kisha likafutwa kila neno la tano, au la saba, na mahali pake pakaachwa wazi. Mtahiniwa hujaza. Namna hii ilielezwa na Mmarekani Wilson Taylor mwaka 1953, naye hakukusudia kwanza kupima watu, bali kupima maandishi: ugumu wa habari ya gazeti ulijulikana kwa kutazama wasomaji waliweza kurudisha maneno mangapi. Jina alilokipa kipimo chake alilitoa kwa wataalamu wa nafsi waliosema kwamba akili ya binadamu, ionapo duara lililokatika, hulikamilisha yenyewe. Baadaye kipimo kiligeuzwa, kikaelekezwa kwa msomaji.

Uzuri wa kipimo hiki ni kwamba hakiulizi kanuni. Mtu aweza kukariri kanuni zote za sarufi akashindwa kuandika barua. Lakini anayejaza nafasi lazima asome mbele na nyuma, aone maana na muundo kwa pamoja. Kasoro zake nazo zipo. Nafasi hazilingani uzito: moja yadai neno dogo la kuungia, ambalo mtahiniwa aweza kulitia kwa mazoea pasipo kuelewa habari, na ya pili yadai jina la kitu ambacho hakupata kukiona maishani. Tena msahihishaji akikubali neno lilelile la mwandishi peke yake, mtahiniwa aliyetia neno jingine la maana sawa hupoteza alama kwa kosa la kutokuwa mwandishi.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna jambo zaidi, nalo ni la umbo la lugha. Chukua neno moja, "hawakutuambia". Ndani yake mna mtenda, mtendewa, wakati na ukanushi. Kiingereza hulisema jambo hilo kwa maneno matano. Kufuta neno moja la Kiswahili ni kufuta karibu sentensi nzima, ilhali kufuta neno moja la Kiingereza ni kung'oa kigingi kimoja katika uzio. Kwa upande mwingine, upatanisho wa Kiswahili humsaidia msomaji hata pale nenolo halipo. Asomaye "wakulima" kisha akaona nafasi, kisha "mbegu zao", amekwisha kujua kwamba neno lililofutwa yamkini laanza kwa wa-. Mtoto aliyelelewa katika lugha hiyo amezoea neno kutambulishwa na viambishi vya jirani zake. Katika Kiingereza kazi hiyo hufanywa zaidi na mpangilio wa maneno, na mara nyingi jirani hawana la kumwambia. Basi pengine kujaza nafasi ni ustadi wenye sura tofauti kwa lugha mbalimbali, na mtahini mwangalifu hukumbuka hilo kabla ya kulinganisha watoto wa nchi na nchi.

Hata hivyo kasoro hizo hazitoshi kuyakataa matokeo ya 1984. Yalikuwa makubwa mno kuelezwa kwa makosa ya kipimo. Katika wanafunzi wa kidato cha nne waliopimwa, kiasi cha asilimia 10 tu walikuwa wamefikia kiwango ambacho mtu angetazamia masomo ya Kiingereza yaanze. Neno "yaanze" lapasa kusomwa polepole. Wanafunzi hao hawakuwa wakianza, walikuwa wakimaliza. Miaka minne walikuwa wamefundishwa fizikia, historia na jiografia kwa lugha ambayo, kwa kipimo cha wapimaji wenyewe, tisa katika kumi hawajawa tayari kuanza kufundishiwa. Katika nusu ya wanafunzi hivi, taarifa ilisema, maarifa ya masomo mengine yalipenya kidogo sana au hayakupenya kabisa. Na katika waliopimwa chuo kikuu, hawakutimia asilimia 20 walioweza kusoma kwa wepesi hata vitabu vilivyo rahisi miongoni mwa vile walivyotakiwa kusoma.

Baada ya kurasa za namna hiyo, msomaji hutazamia shauri la kubadili lugha ya kufundishia, au walau la kulifikiria. Hapana. Taarifa yashauri kwamba Wizara itoe waraka usio na utata kuthibitisha kwamba Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia, na kwamba msaada utolewe ili Kiingereza hicho kiinuliwe. Kutokana na shauri hilo ulianzishwa mwaka 1987 mradi wa kusaidia ufundishaji wa Kiingereza, kwa fedha za Uingereza, na vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu vikapelekwa mashuleni.

Si haki kusema kwamba washauri hao hawakuwa na hoja. Walihofu kwamba Kiingereza kikiondolewa madarasani kitakosa mahali pengine pa kusikika, kwa kuwa nje ya darasa mtoto wa Singida au wa Lindi hakisikii. Hofu hiyo walikuwa nayo pia viongozi na wazazi wengi wa Tanzania, na haikuwa ya kipuuzi. Vitabu vya sayansi vya sekondari kwa Kiswahili navyo vilikuwa haba. Lakini kosa la taarifa ni la mantiki, wala si la nia. Yachukua somo la historia na somo la kemia na kuyafanya kuwa masaa ya mazoezi ya Kiingereza, kisha yakubali, kwa tarakimu zake yenyewe, kwamba katika masaa hayo Kiingereza hakipatikani wala historia na kemia hazipatikani. Martha Qorro, aliyefundisha Kiingereza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa miaka mingi, alilijibu jambo hili kwa uwazi kuliko wengi: Kiingereza kifundishwe vizuri na walimu wakijuao, kama somo, na masomo mengine yafundishwe kwa lugha ieleweyo. Ni mwalimu wa Kiingereza asemaye hayo, si adui wake.

Tangu hapo vipimo vimeendelea, na vya msamiati vimekuwa vingi zaidi. Mwaka 2000 Averil Coxhead alitoa orodha ya jamii 570 za maneno yatokeayo sana katika maandishi ya kitaaluma ya Kiingereza, na vyuo vingi duniani hufundisha na kupima kwa orodha hiyo. Kazi yenyewe ni safi. Lakini sehemu kubwa ya maneno hayo ina asili ya Kilatini na Kiyunani, na hapa mizani huinama kidogo. Mwanafunzi Mfaransa au Mhispania huyakuta mengi yakiwa ndugu wa maneno ya nyumbani kwao, huyapata bure. Mwanafunzi wa Kiswahili naye anayo hazina ya maneno ya taaluma, nayo kwa sehemu kubwa yametoka Kiarabu: nadharia, dhana, hoja, sababu, athari, natija, tarakimu. Fikra anazo. Kinachopimwa ni kama aweza kuzivika vazi la pili, na alama zake zikiwa chache husemwa kwamba hana fikra.

Juu ya sarufi hapana haja ya maneno mengi. Wino mwekundu mwingi humwagika kwa vitu viwili: vineno "the" na "a", ambavyo Kiswahili hakina, na majina ambayo Kiingereza hukataa kuyahesabu, kama "information", ilhali "habari" huwa moja au mia bila kubadilika. Makosa hayo hayamzuii msomaji kuelewa, wala mtahini hana budi kuyapa uzito mmoja na kosa la kuchanganya sababu na matokeo.

Uzito wa jambo lote huonekana katika uandishi wa utafiti. Mwanafunzi wa Kiswahili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970, huandika tasnifu yake kwa Kiswahili, naye hupimwa kwa utafiti alioufanya. Mwenzake wa kilimo au wa elimu yuko katika hali nyingine. Hojaji huitunga kwa Kiingereza ili msimamizi aikubali. Huitafsiri kwa Kiswahili ili mkulima aielewe. Hurudi kijijini mara kadhaa. Kisha majibu huyarudisha katika Kiingereza ili yaingie katika tasnifu. Mkulima akisema ardhi "imechoka", neno lenye kumbukumbu ya jasho na miaka, hugeuzwa kuwa upungufu wa rutuba. Akisema mvua "zimegoma", hugeuzwa kuwa mabadiliko ya unyeshaji. Mwanafunzi hafanyi hivyo kwa uvivu. Hayo ndiyo maneno ayajuayo kuwa salama. Sentensi alizokwisha kuziona katika tasnifu za waliomtangulia, ambazo hazikutiwa alama nyekundu. Hujifunza kuandika kwa kukopa sentensi nzima, na pengine hushtakiwa kwa wizi wa maandishi, ingawa alichotafuta kilikuwa mahali pa kukanyaga pasipoteleza.

Mtahini wa tasnifu kama hiyo husahihisha viungo na nyakati za vitenzi sura baada ya sura, naye hufanya wajibu wake. Akifika mwisho hukuta viambatisho, na katika viambatisho hojaji ya Kiswahili, ileile aliyosomewa mkulima kivulini mwa nyumba yake. Kurasa hizo mbili tatu ndizo peke yake katika kitabu kizima ambazo mkulima yule angeweza kuzisoma na kusema kama ni kweli ndivyo alivyoulizwa. Kwa kawaida mtahini huzipitia kwa haraka, kwa kuwa hazina alama.