Wazee Wakinywa Chai

Nilikuwa mle chumbani kwa sababu mbili: mimi ni mwanamume, na nilikuwa nimebeba birika. Habaryar, yaani mama mdogo, ambaye ndoa yake ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa, alikaa jikoni na mama. Wazee sita mkekani, chai ya maziwa ya ngamia. Hapa Lafey kikao kama hiki tunakiita maslaha. Kabla ya Alasiri kilikuwa kimeisha: arudi kwa mumewe, avumilie. Hiyo ilikuwa mara ya tatu.

Wiki hiyohiyo nilikuwa nasoma kwenye simu kitabu cha Susan Hirsch, Pronouncing and Persevering, kilichotoka 1998. Jina hilo ningelitafsiri Kutamka na Kuvumilia: mume hutamka talaka, mke huvumilia. Hirsch, mwanaanthropolojia Mmarekani, alikaa katika mahakama za kadhi huko Pwani miaka ya 1980, akirekodi watu wakishtakiana kwa Kiswahili. Alichokikuta kinalipinga jina lenyewe. Wanaoleta kesi wengi ni wanawake, na mara nyingi wanashinda. Wanashinda kwa kusimulia. Ila kusimulia kuna bei yake, kwa sababu mwanamke anayetoa siri za nyumba mbele za watu anaonekana hana heshima, hata akipewa haki yake. Hapo ndipo kitabu kilinikamata. Sura za nadharia ya isimu nilizipita mbio, siwadanganyi. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kurasa zile zilinikumbusha kwa nini. Lakini Hirsch akinyamaza na kuwaacha watu waongee, huwezi kuweka simu chini.

Ugomvi wangu naye ni huu. Wazee wamo kitabuni, ila wamekaa kando, kama kituo cha njiani kuelekea kwa kadhi. Huku kwetu wazee mara nyingi ndio mwisho wa safari. Kadhi yuko Mandera, na ile barabara si ya mtu kuamka tu akapanda gari. Mabomu ya kutegwa yameshatufundisha. Sasa mwanamke asimulie wapi, ikiwa kesi inaanzia na kuishia kwenye chumba asichoruhusiwa kuingia?

Na msiniambie ndivyo dini ilivyosema. An-Nisaa, aya ya 35, inataka mwamuzi mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Wa upande wa Habaryar alikuwepo, ndiyo: mjomba wangu, ambaye ana hisa kwenye lori la mume huyohuyo. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, nayo inahimiza upatanisho na hata njia za kimila, mradi zisivunje haki za watu. Kule Milimani, Nairobi, tangu 2016 kesi za familia hupelekwa kwa mpatanishi kabla ya jaji kuzisikiliza, na mke naye ana kiti mezani.

Sipingi maslaha, jamani. Nimeona mkeka uleule ukizuia koo mbili zisishikiane bunduki, na nimeona watu wakiachana kwa adabu, mahari na malezi yakakubaliwa kabla chai haijapoa. Hakuna mahakama ingefanya hivyo kwa siku moja. Kinachonikera ni neno lenyewe, maslaha, yaani manufaa, halafu siku ile hakuna aliyeuliza ni ya nani. Sita wale hawakuwa watu wabaya. Walizungumzia ukoo, watoto, lori. Mimi niliongeza sukari nikanyamaza.

Jioni nilimweleza Habaryar habari za kitabu, kwa Kisomali, nikimtafsiria kesi moja ya mwanamke wa Pwani kadiri nilivyoweza. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

"Kadhi alimwacha amalize?"

Nikamwambia, alimaliza.

"Rudia," akasema. "Anzia pale alipoingia."