Ebla na Hesabu ya Ngamia

Msomaji wa Garissa akiifungua From a Crooked Rib, riwaya ya kwanza ya Nuruddin Farah iliyotoka mwaka 1970, hahitaji kuelezwa ngamia ni mali ya namna gani. Ebla, binti wa wafugaji wa Kisomali, anatoroka kwa sababu babu yake amekubali kumwoza kwa Giumaleh, mzee wa miaka 48, kwa mahari ya ngamia. Kutoroka kwenyewe si jipya. Ndoa za kulazimishwa zimeandikwa mpaka zikachuja. Ufundi uko katika jinsi Farah anavyokirudia kitendo kilekile huku akimbadilisha mtendaji. Kwanza babu anamtoa Ebla. Kisha, huko Beledweyne, binamu yake Gheddi aliyepata hasara ya magendo anamtoa kwa mwanamume mwingine ili ajiokoe. Kijana aitwaye Awill anajitokeza hapo hapo, na Ebla anafuatana naye hadi Mogadishu wakiwa bado hawajuani.

Wapo watakaouliza: mapenzi gani haya yasiyo na uchumba? Lakini haraka hiyo ndiyo maana yake. Farah angetujazia kurasa za kubembelezana, tungemwamini Awill kuliko Ebla mwenyewe anavyoweza kumwamini. Badala yake tunafungiwa ndani ya mawazo ya msichana, kwenye maswali anayojiuliza na kujijibu nusu nusu (mengine, hasa ya Mogadishu, yamerefushwa kupita kiasi), kwa hiyo tunagundua mambo pamoja naye. Awill, ambaye sasa ni mumewe, akiwa Italia, Ebla anaiona picha yake na mwanamke wa Kizungu. Hajui kusoma, barua ingepitia kinywa cha mtu mwingine, naye angeweza kuificha aibu. Picha haina wa kuitafsiri.

Ndipo Ebla anaolewa kwa siri na Tiffo, tajiri wa mjini. Pingamizi zito zaidi liko hapa: je, amekua, au amejigeuza bidhaa? Yote mawili, nadhani, na riwaya haitulazimishi kuchagua. Bei imebaki palepale, ila safari hii anayekubali ni yeye, na mume ndiye asiyejua lote. Awill anaporudi, Ebla anampokea. Angemfukuza, tungesoma kisasi. Angemngoja bila Tiffo, tungesoma subira ya mke mwema. Mwandishi amezikwepa njia zote mbili, na ndiyo maana Ebla haamuliki kirahisi hata kwa msomaji anayemhurumia.