Makofi ni ya nani?

MWANAFUNZI mmoja wa sekondari mjini Lodwar aliniuliza juzi: “Prof, wale wasichana wa anime wanaogeuka kuwa waimbaji nyota tuwaiteje kwa Kiswahili?” Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana.

Wajapani humwita mhusika wa aina hiyo mahō shōjo. Shōjo ni msichana. Mahō ni nguvu za ajabu, nzuri au mbaya. Kwetu, ukisema “msichana mchawi” umemshutumu mtoto wa watu. Muujiza nao tumeuachia Mungu. Mwimbaji kipenzi wanamwita aidoru, neno walilolitoa katika Kiingereza, lakini ukilitafsiri moja kwa moja unapata sanamu ya kuabudiwa. Basi mimi napendekeza “binti wa mazingaombwe”. Mazingaombwe ni kile ambacho macho yanakiona na kumbe sicho. Neno hilo limebeba sifa ya hadithi hizi na pia kasoro yake.

Chukua Creamy Mami ya mwaka wa 1983. Yū ni mtoto wa miaka 10 ambaye wazazi wake wanauza chapati nyembamba tamu. Anapewa kifimbo cha ajabu kwa mwaka mmoja tu. Akikitumia anakuwa binti mkubwa, Mami, na jiji zima linampigia makofi. Mvulana anayempenda, Toshio, anamlilia Mami huku Yū amesimama papo hapo mbele yake. Isitoshe, aliyempa Yū sauti alikuwa Takako Ōta, mwimbaji chipukizi halisi. Kwa hiyo mhusika na mwimbaji waliuzwa pamoja, na biashara hiyo si mchezo.

Full Moon o Sagashite, ya mwaka wa 2002, imekwenda mbali zaidi. Mitsuki ana miaka 12, ana uvimbe kooni, na nyanya yake hataki kusikia habari za muziki. Wajumbe wawili wa kifo wanamgeuza kuwa binti wa miaka 16 mwenye afya, naye anaimba. Tazama vizuri: hawakumpa kipaji. Kipaji alikuwa nacho tangu mwanzo. Walichofanya ni kumwondolea kizuizi.

Hapo ndipo ninapouona mvuto wa hadithi hizi kwa wasichana wetu. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka wa 1992, na hadi leo mkimbizi hatoki tu akaenda anakotaka, anahitaji kibali. Msichana wa Lodwar hana kambi, lakini ana mitungi ya maji, ana wadogo wa kulea, na ana jamaa wanaohesabu mahari. Wasichana hawa hawaoti kupewa sauti. Sauti wanayo. Wanaota mlango.

Hata hivyo, nina ugomvi na hadithi hizi. Msichana akishafunguliwa mlango, analazimika kupita kwa jina la mtu mwingine. Makofi yote ni ya Mami. Yū anarudi nyumbani mikono mitupu, na siri lazima aitunze. Mtoto anayetazama anajifunza kwamba akitaka kupendwa, sharti kwanza asiwe yeye.

Fasihi na historia yetu ina mfano tofauti. Shaaban Robert aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba, Unguja, aliyezaliwa akaitwa Mtumwa na akawa akiuza vyungu. Uimbaji ulimgeuza akaitwa Siti, yaani bibi wa heshima. Alipokwenda Bombay mwaka wa 1928 kurekodi, hakujificha nyuma ya jina la kubuni. Jina la baba yake, Saad, lilikwenda naye kwenye sahani za santuri. Aligeuka, lakini kila mtu alijua aliyegeuka ni nani.

Na Kakuma yenyewe imetoa wake. Halima Aden alizaliwa kambini humo mwaka wa 1997, akahamia Marekani akiwa mtoto, akawa mwanamitindo mashuhuri mwenye hijabu. Mwaka wa 2020 alitangaza kuacha majukwaa ya mitindo, akisema kazi hiyo ilikuwa ikimtenga na imani yake. Kifimbo chake hakikuisha muda kama cha Yū. Alikirudisha mwenyewe, na akabaki Halima.

Kwa hivyo, wazazi na walimu, msiwanyang'anye watoto simu eti katuni ni upuuzi. Waulizeni tu: makofi haya ni ya nani? Kisha, tamasha za muziki za shule zikifika, mpeni msichana kipaza sauti, na mtangazaji amtaje kwa majina yake yote, la baba likiwamo.