Anayebaki na Funguo

Desemba ikifika, familia nyingi za Kisauni, Likoni na Changamwe, hapa Mombasa, hufunga mizigo kwenda bara kuwaona wazee. Nyumba hubaki na mtu, na huyo ndiye ninayempa pongezi: kijana wa mtaani au mama wa jirani anayekubali kulala kwa watu na kuitunza nyumba kama yake.

Kazi kubwa ni maji. Mfereji waweza kukauka siku kadhaa, kisha yakaja saa nane za usiku. Mwenye funguo huamka, akajaza tangi na madumu, akafunga koki kabla hayajamwagika. Jioni huwasha taa ya barazani. Hufagia majani ya mwarobaini kila asubuhi, maana uwanja mchafu humwambia mwizi kuwa wenyewe hawapo. Tokeni za stima zikikaribia kwisha hupiga simu mapema, atumiwe hela kwa M-Pesa.

Kumpata mtu kama huyo si kubahatisha: muulizeni mzee wa mtaa, anamjua yeye na wazazi wake. Na mlipeni nusu kabla ya safari. Ndizi na viazi vya bara viwe zawadi juu ya malipo, visiwe ndiyo malipo.